Sauti Bila Kauli: Uhakiki wa Shughuli za Kuzungumza katika Darasa la Kiingereza Nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki shughuli za kuzungumza zinazotumika sana katika ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili katika shule za sekondari nchini Tanzania, yaani uitikiaji wa pamoja, mazungumzo ya kukariri, mazoezi ya pengo la taarifa na mdahalo. Hoja inayojengwa ni kwamba ukimya wa mwanafunzi hautokani tu na uchache wa msamiati au haya, kama inavyodaiwa mara nyingi. Kwa sehemu kubwa unatokana na shughuli zenyewe, ambazo humpa mwanafunzi sentensi ya kutamka bila kumpa jambo la kusema wala mtu wa kumwambia. Shughuli hizo zinalinganishwa na tanzu za majibizano za Kiswahili, hususan kitendawili na ngonjera, ili kuonyesha wapi ulinganisho huo unafaa na wapi unapotosha. Sehemu ya mwisho inajadili nafasi ya Kiswahili katika maandalizi ya kauli na suala la upimaji.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania una historia ndefu. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, mwanafunzi wa shule ya umma amekuwa akivuka daraja moja gumu: anamaliza darasa la saba akiwa amejifunza kila kitu kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo mengi, Kiswahili chenyewe kikiwa kando, yanafundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Criper na Dodd (1984) walibaini kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo yao, na matokeo yake yakawa mradi mkubwa wa kukisaidia Kiingereza, ambao ulitia nguvu zaidi katika usomaji wa vitabu vya ziada. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua tena mlango kwa Kiswahili bila kukitoa Kiingereza.

Katika mjadala huo wote, swali moja limeshughulikiwa kwa uchache: mwanafunzi anazungumza nini, na nani, ndani ya kipindi cha Kiingereza chenyewe? Watafiti wa lugha ya kufundishia, kwa haki kabisa, wametazama kemia na jiografia. Kipindi cha Kiingereza kimeachwa kama mahali ambapo angalau mambo yanakwenda yanavyopaswa. Dhana hiyo haina msingi imara. Mtaala uliorekebishwa mwaka 2005 ulitaka umahiri, na umahiri wa lugha kwa maana aliyoipa Hymes (1972) ni kujua la kusema, la kumwambia nani, wakati gani na kwa namna gani. Shughuli nyingi zinazoitwa za kuzungumza hazigusi hata kimoja kati ya hivyo vinne.

2.0 Kuitikia si kusema

Shughuli inayochukua muda mwingi zaidi haimo katika muhtasari wowote wa somo. Mwalimu anatamka sehemu ya neno, anapandisha kiimbo, na darasa linamalizia. Anauliza kama wako pamoja, darasa linaitika kwamba wako pamoja. Mbinu hii imehamia kwenye Kiingereza kutoka darasa la Kiswahili la shule ya msingi, ambako mwalimu husema "Hiki ni kita...?" na watoto hujibu "bu!" Inafaa kutazamwa kiisimu kabla ya kulaumiwa. Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni wazi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mwalimu anayekatisha neno baada ya silabi yenye mkazo amekwisha kutoa karibu kila kitu, na kilichobaki ni silabi moja nyepesi ambayo masikio yenyewe yanaidai. Kiingereza hakina utaratibu huo. Mkazo wake huhama na silabi zake nyingi ni funge. Mwanafunzi anayemalizia nusu ya neno la Kiingereza kwa mdundo wa Kiswahili anajizoeza, bila mtu yeyote kukusudia, mkazo ambao neno hilo halina.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi haimo katika matamshi. Chick (1996), akichunguza somo la hisabati katika shule ya Wazulu nchini Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, alionyesha kwamba uitikiaji wa pamoja huwawezesha mwalimu na wanafunzi kuficha kwa pamoja ukweli kwamba ujifunzaji haufanyiki, na hivyo kila upande kulinda heshima yake. Aliyaita mazungumzo hayo ya usalama. Maelezo yake yanalihusu darasa la Tanzania kwa kiwango kinachotia wasiwasi. Mwalimu ambaye mwenyewe alivuka daraja lile lile la kidato cha kwanza hawezi kulaumiwa kirahisi kwa kuchagua njia isiyomwaibisha yeye wala wanafunzi wake. Anayetaka kuondoa uitikiaji wa pamoja hana budi kueleza kwanza heshima hiyo itahifadhiwa wapi. Vitabu vingi vya mbinu, vinavyouita tabia mbaya na kupita, havielezi.

3.0 Mazungumzo ya kukariri na suala la adabu

Shughuli ya pili ni mazungumzo mafupi yanayosomwa na wanafunzi wawili mbele ya wenzao. Mmoja ni muuzaji, mwingine mnunuzi. Mmoja mgeni, mwingine mwenyeji. Wanasalimiana, wanaulizana majina, umri na kazi, wanaagana. Walimu wa mkabala wa mawasiliano huyakataa mazungumzo haya kwa sababu ni ya kukariri. Sababu hiyo ni dhaifu, na itarudiwa katika sehemu ya tano. Udhaifu wa kweli ni kwamba mazungumzo hayo yanamtaka mwanafunzi afanye vitendo vya kijamii ambavyo lugha yake ya kwanza au ya pili inavigawa kwa namna tofauti kabisa, na kitabu hakisemi lolote juu ya tofauti hiyo.

Mfano wa wazi ni maamkizi. Kijana wa Kitanzania anajua kwamba kwa mkubwa ataanza na shikamoo, kwamba ataitikiwa marahaba, na kwamba ndipo habari za nyumbani, za kazi na za tangu jana zitafuata. Anajua pia kwamba mtu mzima haulizwi jina lake tupu na mtoto. Ni Mama Asha, Baba Juma, Mwalimu, Shekhe. Katika zoezi la kitabu anaambiwa amuulize mtu asiyemfahamu jina na umri katika zamu mbili za kwanza. Anatamka, lakini hatendi. Sauti inatoka bila adabu na bila utovu wa adabu, kwa kuwa hakuna mtu anayesemwa wala anayesemeshwa.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni maneno ya Kiswahili ambayo Kiingereza hakina. Watumiaji wa Kiingereza cha Afrika Mashariki humwambia "sorry" mtu aliyejikwaa, aliyefiwa au aliyebeba mzigo mzito, ingawa wao hawajamkosea lolote. Vitabu huorodhesha matumizi haya kama kosa. Kwa kweli ni pole iliyotafuta mlango wa kuingilia. Vivyo hivyo, msemaji anayewakaribisha kwenye chakula wote wanaopita anatafuta pa kuiweka karibu, na anayeomba kila kitu kwa kitenzi cha kuomba anaendeleza naomba, ambayo katika mazungumzo ya kila siku hufanya kazi ambayo Waingereza huipa tafadhali yao. Hapa kuna mada tajiri ya kuzungumzia darasani: mtu aliyefiwa aambiweje kwa Kiingereza? Aliyetoka shambani jioni je? Kumwambia nini jirani anayepita wakati ninyi mnakula? Maswali haya hayana jibu moja, na wanaoyajua zaidi ni wanafunzi, kwa kuwa wao ndio wanaojua pole inatakiwa kufanya nini. Ajabu ni kwamba eneo ambalo mwanafunzi ana la kumwambia mwalimu, na hata mwandishi wa kitabu, ndilo linalofungwa kwa alama nyekundu ya kosa.

4.0 Pengo la taarifa na kitendawili

Mkabala wa mawasiliano ulipoingia katika vyuo vya ualimu ulileta dhana iliyokuwa sahihi: mtu husema kwa sababu anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Ndipo yakaja mazoezi ya pengo la taarifa, ambapo mwanafunzi mmoja hupewa nusu ya ramani au nusu ya jedwali na mwenzake nusu nyingine. Dhana ni nzuri, ila utekelezaji wake umekuwa wa kuazima mno. Jedwali ni la treni za mji ambao hakuna aliyeuona, ramani ni ya mtaa wenye benki, kanisa na bustani ya umma kila kona. Taarifa anayoikosa mwanafunzi haimkosheshi usingizi. Akishajaza nafasi, anaitupa karatasi.

Jambo linalofaa kukumbukwa ni kwamba pengo la taarifa si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Kitendawili ni pengo la taarifa lenye kanuni kali. Mtegaji hutangaza, hadhira humruhusu atege, na akishatega kila mmoja ana haki ya kujaribu. Wakishindwa, mtegaji hadai tu ushindi, anadai mji. Hapewi jibu bure asiyejua. Ni lazima alipe, na mtegaji huutembelea mji huo kwa maneno kabla ya kufumbua. Kwa lugha ya wataalamu wa ujifunzaji wa lugha ya pili, kitendawili kina mgawanyo wa zamu ulio wazi, kina gharama ya kutojua, na kina sehemu ya masimulizi huru ambayo urefu wake huamuliwa na msemaji. Jedwali la treni halina hata kimoja.

Kutokana na ukweli huo, baadhi ya wapenzi wa fasihi simulizi hupendekeza kwamba vitendawili vitafsiriwe na kupelekwa katika darasa la Kiingereza. Pendekezo hilo linapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Vitendawili vingi vina majibu yanayofahamika na jamii nzima, kwa hiyo pengo lake mara nyingi ni la sura tu. Aidha, fumbo lake hukaa ndani ya sauti, ngeli na sitiari za Kiswahili, na likitafsiriwa hubaki sentensi ya ajabu yenye jibu la kukariri. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni, hasa ile ya mji: kwamba anayekosa jibu analipa kwa kauli, na anayelijua hana budi kusimulia kabla ya kulitoa.

Prabhu (1987) anatoa msaada mwingine ambao walimu wa Tanzania hawajautumia vya kutosha. Katika mradi wa Bangalore wa 1979 hadi 1984, uliofanyika katika shule za kawaida za Kusini mwa India, alitofautisha pengo la taarifa, pengo la hoja na pengo la maoni, akapendelea pengo la hoja. Mwanafunzi anapewa taarifa zote, kisha anatakiwa kuzifikiria hadi apate jambo ambalo halikusemwa. Prabhu hakutegemea kazi za vikundi. Mwalimu alianza kwa kulitatua tatizo moja na darasa zima, kwa maswali na majibu, kisha kila mwanafunzi akapewa la kwake linalofanana nalo. Mpangilio huo unalifaa darasa kubwa kuliko vikundi vya watu wanane waliogeuziana madawati. Nauli za daladala mbili zenye njia tofauti, saa ya kengele ya shule, na swali la mwanafunzi gani atachelewa: hizo ni taarifa tosha kwa pengo la hoja la dakika 20, na hakuna karatasi ya kudurufu inayohitajika.

5.0 Mdahalo na ngonjera

Mdahalo una hadhi ya pekee shuleni. Una siku yake, mwenyekiti wake, katibu wake na mtunza muda, na wanafunzi huupenda. Ukitazamwa kwa karibu, hata hivyo, unazungumzwa na wachache. Wasemaji wakuu wanne au sita husoma hotuba zilizoandikwa, nyingine zikiwa zimeandikwa na kaka au dada wa kidato cha juu. Salamu kwa mwenyekiti, majaji na watunza muda huchukua sehemu nzima ya dakika walizopewa. Wengine wote hupiga makofi.

Kosa, hata hivyo, si kukariri. Mkabala wa mawasiliano umeifanya kukariri kuwa dhambi kwa sababu unakichukulia kila kisemwacho kwa moyo kuwa si cha msemaji. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kutokubali. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza kupitia UKUTA na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vya mwaka 1970 na 1971, zilikaririwa shuleni nchi nzima, na mtoto aliyesimama kumjibu mwenzake kwa beti alikuwa amepata sauti ya hadharani ambayo hakuwa nayo kabla. Alijua anampinga nani. Alijua ubeti wake unajibu ubeti gani. Kukariri kulimpa uhakika wa lugha ili nguvu zake ziende kwenye sauti, mkono na jicho.

Kinachoziunganisha ngonjera na mdahalo wa Kiingereza kwa ubaya ni kitu kingine: hitimisho linajulikana mapema. Katika ngonjera nyingi za kisiasa za enzi hizo mmoja hajui na mwingine anajua, na asiyejua hukubali mwishoni. Katika mdahalo wa shule hoja kama ile ya elimu dhidi ya fedha imejadiliwa mara nyingi mno hivi kwamba kila upande unajua sentensi za upande mwingine. Hakuna anayebadili mawazo, kwa kuwa hakuna aliyekuja na mawazo.

Mahali pekee ambapo lugha hai husikika katika mdahalo ni pale msemaji anapokatizwa. Mwanafunzi anaruka, anaomba kutoa taarifa au kuhoji utaratibu kwa fomula alizoziiga kutoka bungeni, anapewa sekunde chache, na lazima aseme sasa hivi jambo linalohusiana na lile lililosemwa sasa hivi. Kiingereza chake huvunjika, wenzake hucheka, naye huendelea. Kauli hizo fupi zina kila alichokitaka Swain (1985) alipoandika, kuhusu wanafunzi wa Kanada waliofundishwa kwa Kifaransa, kwamba kusikia peke yake hakutoshi na kwamba mjifunzaji hukua anaposukumwa aseme hadi aeleweke. Walimu wengi huzidhibiti kwa sababu zinaleta kelele. Ingekuwa na maana zaidi kupunguza hotuba na kuongeza taarifa.

6.0 Kiswahili kilicho chini ya dawati

Kila aliyewahi kutembelea darasa la Kiingereza la sekondari anajua kinachotokea katika kazi ya vikundi. Mwalimu akiwa mbali, mjadala unaendelea kwa Kiswahili, mara nyingi kwa ukali na werevu. Mwalimu akikaribia, unanyamaza au unageuka Kiingereza cha maneno matatu. Mwishoni mmoja anaandika sentensi, mwingine anasimama na kuisoma. Tafsiri ya kawaida ni kwamba kikundi kimekiuka kanuni. Tafsiri yenye tija zaidi ni kwamba kikundi kimefikiri, kisha kikakosa hatua ya kati kutoka kwenye fikra hadi kwenye kauli ya lugha nyingine.

Kanuni inayokiukwa ina asili yake. Mkutano wa Makerere wa mwaka 1961 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili ulitoa misimamo ambayo Phillipson (1992) aliichambua kama itikadi, mmojawapo ukiwa kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza pekee. Shuleni itikadi hiyo ilivaa sura ya adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o (1986) ameieleza ile ya Kenya, ambapo kifungo kilipitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine aliyesikika akisema Kigĩkũyũ. Vibao vya namna hiyo vinajulikana pia Tanzania, kwa Kiswahili. Matokeo yake kwa shughuli za kuzungumza yanaeleweka: mwanafunzi anajifunza kwamba kunyamaza hakuadhibiwi.

Hatua ya kati inawezekana, na hesabu yake ni rahisi. Kipindi ni dakika 40. Katika darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akisema peke yake mbele ya wenzake, mwalimu asiseme neno, kila mwanafunzi atapata sekunde 40. Wakizungumza wawili wawili, wasemaji 30 wanasema kwa wakati mmoja. Mbinu ya nne-tatu-mbili aliyoipendekeza Maurice (1983) na kuichunguza Nation (1989) humtaka msemaji asimulie jambo lile lile mara tatu kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Hizo ni dakika tisa kwa msemaji mmoja na 18 kwa wote wawili. Zinabaki dakika 22, ambazo sehemu yake yaweza kuwa ya maandalizi kwa Kiswahili, waziwazi na kwa ruhusa: jambo gani litasemwa, lianze wapi, neno gani linakosekana. Ili msikilizaji abadilike hakuna haja ya kuhamisha madawati. Mstari mmoja unasogea kiti kimoja, na wa mwisho anarudi mbele. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa darasa la jirani atalalamika. Hilo ni suala la kujadiliana na mkuu wa shule.

Kurudia huku si uitikiaji wa pamoja uliotajwa katika sehemu ya pili, kwa sababu msikilizaji ni mpya kila mara na hajui kitakachosemwa. Na si mazungumzo ya kukariri, ingawa mara ya tatu mwanafunzi atakuwa amekariri sehemu kubwa ya maneno yake mwenyewe.

7.0 Kupima kwa kalamu

Mabadiliko yoyote ya aina hii hukutana na mtihani. Nchini Tanzania mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika. Kuzungumza kumo katika mtaala lakini hakumo katika cheti, na mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa wanafunzi wake atatumia muda wake ipasavyo. Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, ilijaribu njia nyingine. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina sehemu ya stadi za kuzungumza yenye alama 30 kati ya 60, nayo hujibiwa kwa kuandika. Mtahiniwa huonyesha kwa maandishi neno lenye mkazo, hutaja maneno yanayotamkwa sawa, na hujaza upande mmoja wa mazungumzo ya simu.

Uamuzi huo wa Kenya una sababu za kiutawala zinazoeleweka, kwani kumsikiliza kila mtahiniwa nchi nzima ni gharama kubwa. Umefanikiwa pia kuifanya stadi hiyo ifundishwe. Lakini inafundishwa kama maarifa kuhusu kuzungumza. Mwanafunzi anaweza kueleza ni lini sauti ipande na ni lini ishuke bila kuipandisha yake hata mara moja, na mazungumzo ya simu yasiyo na mtu upande wa pili ni yale yale mazungumzo ya kitabu yaliyohakikiwa katika sehemu ya tatu. Njia ya kati ambayo haijapewa nafasi nchini Tanzania ni kuingiza kuzungumza katika alama za maendeleo za shule, ambazo tayari zinakusanywa kwa masomo yote, kwa kigezo kimoja tu kinachoweza kusikika na mwalimu mwenye wanafunzi 60: je, msikilizaji wa tatu, aliyeulizwa baadaye, anaweza kueleza alichoambiwa? Kigezo hicho kinampima msemaji kupitia mwenzake. Hakidai lafudhi ya Kiingereza cha watu wengine. Na mwalimu anaweza kuwauliza watano tu kila wiki, kwa zamu zisizotangazwa, hadi muhula uishe.